Kielezi Kati ya Kiima na Kitenzi: Uhakiki wa Tafsiri ya Kiingereza cha Sheria katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Katika sentensi nyingi za Kiingereza, na hasa za sheria, kielezi hukaa kati ya kiima na kitenzi kikuu. Makala hii inahakiki mazoea ya kukipachika kielezi hicho mahali palepale katika tafsiri ya Kiswahili. Kwa kuzingatia mazingira ya mpaka wa Kenya na Uganda katika Busia na Malaba, makala inaonyesha kwamba Kiswahili kina nafasi mbili pale ambapo Kiingereza kina moja: nafasi iliyo nje ya kitenzi na nafasi iliyo ndani yake. Vielezi vitatu vya Kiingereza, yaani "only", "knowingly" na "wholly", vinachunguzwa ili kubainisha jinsi tafsiri ya neno kwa neno inavyoweza kubadili wajibu na hata hatia ya mfanyabiashara mdogo. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa watafsiri, walimu na watunga sera wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Busia ni jina la miji miwili inayotazamana, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Kaskazini yake ipo Malaba, nayo imegawika vivyo hivyo; Malaba ya Uganda imo katika Wilaya ya Tororo. Katika vivuko hivi viwili hupita malori yatokayo bandari ya Mombasa, na pia hupita magunia ya mahindi, mafungu ya samaki na marobota ya mitumba yanayobebwa kwa baiskeli na vichwani. Msikilizaji atakayesimama hapo kwa saa moja atasikia Lusamia, Ateso, Dhopadhola, Luganda, Kiswahili na Kiingereza. Waiteso wako pande zote mbili za mpaka, kama walivyo Wasamia.

Sheria zinazotawala upitishaji wa bidhaa hapo ziliandikwa kwa Kiingereza. Miongoni mwake ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Kanuni za Uasili wa Bidhaa za 2015 na Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya 2016. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, na maafisa wa nchi zote mbili humhudumia chini ya paa moja. Maandishi wanayoyategemea ni ya Kiingereza, lakini maelezo anayopewa mwenye gunia, mara nyingi, ni ya Kiswahili. Tafsiri hufanyika papo hapo, kwa mdomo, na mtu ambaye hakufunzwa kutafsiri.

Hali hiyo haiwezi kudumu. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya 2005, inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya kuhusu lugha. Wakuu wa Nchi za Jumuiya walikuwa wameamua, Februari 2021, kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo sheria za Jumuiya zitahitaji matini rasmi za Kiswahili, na mazoea ya watafsiri wa leo ndiyo yatakayoingia katika matini hizo.

Nina sababu ya binafsi ya kulishughulikia suala hili. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri kijikaratasi cha kuwaelimisha wanawake wanaofanya biashara ndogondogo mpakani. Palipoandikwa "knowingly" niliandika "kwa makusudi", nikaliweka neno hilo palepale nilipolikuta: "Mtu yeyote ambaye kwa makusudi anabeba bidhaa zilizopigwa marufuku…" Kijikaratasi kiliposomwa kwa sauti katika kikao, mama mmoja aliinua mkono. "Mwalimu," akaniambia, "gunia nililibeba makusudi kabisa, halikujibeba. Sasa hapo nimeshakosa?" Gunia lilikuwa la jirani yake, na hakuwa na habari ya kilichomo. Nilimwomba radhi, nikamwambia nitamletea jibu. Makala hii ni sehemu ya jibu hilo.

2.0 Nafasi ya Kati katika Kiingereza

Kanuni inayofundishwa darasani ni fupi. Kielezi cha nafasi ya kati hutangulia kitenzi kikuu, kama katika "She always pays". Hufuata kitenzi kisaidizi cha kwanza, kama katika "She has already paid". Na hufuata kitenzi cha kuwa, kama katika "She is always early". Quirk na wenzake (1985) wameieleza nafasi hii kwa upana, pamoja na migawanyiko yake midogo.

Wananadharia wamejiuliza kwa nini iwe hivyo. Emonds (1978) na baadaye Pollock (1989) walilinganisha Kiingereza na Kifaransa. Kwa maelezo yao, kitenzi cha Kifaransa kilichonyambuliwa kwa njeo hupanda juu katika muundo wa sentensi na kukiacha kielezi nyuma yake, ilhali kitenzi kikuu cha Kiingereza hubaki chini, na kielezi kikaonekana mbele yake. Cinque (1999) alienda mbali zaidi. Alidai kwamba vielezi hupangika kwa ngazi zisizobadilika, na kwamba kila ngazi inaoana na mofimu za njeo, hali na dhamira zinazoonekana wazi katika lugha nyingine.

Hoja ya Cinque inatufaa sana kwa nusu yake ya pili, kwa sababu inatuelekeza kutafuta kazi ya kielezi cha Kiingereza ndani ya kitenzi cha Kiswahili. Haitoshi, hata hivyo, kwa vielezi vya sheria. Vielezi vya nafasi ya kati si vya aina moja. Vipo vya wakati na hali, kama "already". Vipo vya kubana maana, kama "only". Na vipo vinavyoeleza nia au ujuzi wa mtenda, kama "knowingly". Aina ya kwanza ina makao katika mofolojia ya Kiswahili. Aina mbili zilizobaki hazina.

Jambo jingine halitajwi sana madarasani. Kielezi cha nafasi ya kati hakionyeshi mwisho wa mamlaka yake. Mwingereza anapozungumza huonyesha kwa mkazo wa sauti kile kinachobanwa na "only". Anapoandika, mkazo haupo. Fowler alilijadili neno hilo tangu 1926, akiwatetea wanaoliacha mbele ya kitenzi dhidi ya wanaodai lihamishwe kila mara. Kwa mazungumzo ya kawaida utetezi wake unakubalika, kwa kuwa muktadha hufidia. Katika kifungu cha sheria, muktadha hauwezi kuachiwa kazi hiyo.

3.0 Nafasi Mbili za Kiswahili

Tukiuliza ni nini kinachoweza kukaa kati ya kiima na kitenzi katika Kiswahili, tunapata majibu mawili. Kati ya kiima kilicho nomino na kitenzi kizima, neno huru linaweza kuingia: "Mfanyabiashara jana alivuka". Hii naiita nafasi ya nje. Lakini kiima kimewakilishwa pia ndani ya kitenzi kwa kiambishi, na kati ya kiambishi hicho na mzizi haliingii neno lolote. Huingia mofimu tu. Hii naiita nafasi ya ndani. Kiingereza kina nafasi ya nje peke yake.

Tazama jozi zifuatazo, nilizoziunda kwa ajili ya ulinganishi:

(1) "The trader always pays duty."
a. Mfanyabiashara daima analipa ushuru.
b. Mfanyabiashara hulipa ushuru.

(2) "The trader has already paid duty."
a. Mfanyabiashara tayari amelipa ushuru.
b. Mfanyabiashara ameshalipa ushuru.

(3) "The trader has never crossed here."
a. Mfanyabiashara kamwe hajavuka hapa.
b. Mfanyabiashara hajawahi kuvuka hapa.

Sentensi za (a) hazivunji sarufi, na sidai zipigwe marufuku. Ninachodai ni kwamba hazilingani na Kiingereza chake. Katika Kiingereza, "always" mbele ya kitenzi ndipo mahali pake pa kawaida, hapana msisitizo. Katika Kiswahili, "daima" katika nafasi ya nje linasikika kama sifa au kiapo, na "kamwe" linasikika kama kauli ya mtu anayekana tuhuma. Sentensi za (b) ndizo zilizo tulivu, kama sheria inavyotakiwa kuwa. Ashton (1944) alikwisha kutuonyesha jinsi viambishi vya Kiswahili vinavyobeba maana ambazo Kiingereza huzieleza kwa maneno ya pembeni. Tatizo ni kwamba mafunzo ya ukalimani yameacha kuyatumia maarifa hayo.

Nafasi ya ndani huweza pia kutofautisha pale ambapo kielezi cha Kiingereza kimeachwa. "Hakulipa" na "hajalipa" hazina uzito mmoja mbele ya afisa. Ya kwanza imeufunga mlango: muda wa kulipa umepita bila malipo. Ya pili imeuacha wazi: malipo bado yanatarajiwa. Karani anayeandika "hakulipa" kwa mtu aliyesimama kwenye foleni akiwa na fedha mkononi amemtolea hukumu bila kukusudia.

Nyenzo ya tatu ni vitenzi visaidizi vinavyofanya kazi ya kielezi: "-wahi", "-tangulia", "-zidi", "-kwisha". Agizo kwamba msafiri kwanza atoe taarifa ya mzigo lina umbo lake zuri la Kiswahili: "Msafiri atatangulia kutoa taarifa ya mzigo wake kabla ya kulipa." Hapa mfuatano wa matendo umo ndani ya kitenzi, na hapana neno linaloning'inia.

Kwa mwanafunzi wa Tororo suala lina upande mwingine. Katika Ateso, kitenzi hutangulia kiima. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni hiyo anapoambiwa akiweke kielezi kati ya kiima na kitenzi, anafundishwa mambo mawili kwa pamoja: mpangilio wa kiima na kitenzi, na kielezi juu yake. Akishaishika kanuni kwa taabu hiyo katika Kiingereza, ni rahisi aihamishe ilivyo hadi katika Kiswahili, ambacho mara nyingi hujifunza baada ya Kiingereza. Mwenzake wa Kenya hukutana na lugha zote mbili tangu madarasa ya chini. Kwa hiyo kosa la (1a) na (3a) lina vyanzo tofauti pande mbili za barabara ileile, na halitatibiwa kwa zoezi moja.

4.0 Vielezi Vitatu Mpakani

4.1 "Only"

Chukua agizo hili, ambalo ni mfano wangu: "The officer shall only examine goods in the presence of the owner." Msomaji makini ataona maana tatu. Kwanza, afisa atakagua bila kufanya jambo jingine, kama vile kukamata. Pili, atakagua bidhaa na si kitu kingine, kama vile chombo kilichozibeba. Tatu, hatakagua isipokuwa mwenyewe awepo. Kiingereza kinaziruhusu zote katika umbo moja.

Kiswahili hakiruhusu. Neno "tu" kwa kawaida hukifuata kile linachokibana, kwa hiyo mtafsiri analazimika kuchagua:

(4) a. Mwenye bidhaa akiwepo, afisa atazikagua tu.
b. Mwenye bidhaa akiwepo, afisa atakagua bidhaa tu.
c. Afisa atakagua bidhaa pale tu mwenye bidhaa anapokuwepo.

Sentensi ya (4c) pekee ndiyo inayompa mwenye mzigo haki ya kuwepo wakati wa ukaguzi. Anayeandika "Afisa atakagua tu bidhaa mbele ya mwenyewe", akifuata mpangilio wa Kiingereza, ameiondoa haki hiyo na kuweka mahali pake kauli inayoonekana kumpunguzia afisa kazi. Neno halikupotea, tena liko palepale lilipokuwa katika asili. Kilichopotea ni haki.

Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakina usahihi unaohitajika kwa sheria. Mfano huu unaonyesha kinyume. Ni Kiingereza kilichoacha jambo bila kuamuliwa, na ni Kiswahili kilichodai liamuliwe.

4.2 "Knowingly"

Sheria za jinai na za forodha tulizorithi kutoka mfumo wa Uingereza hutumia neno hili kupima hatia. Katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004 linatumika, kwa mfano, kuhusu mtu anayeshiriki ukwepaji wa ushuru kwa udanganyifu. Swali ni: mtu awe amejua nini?

Swali hili limezisumbua mahakama za wenyewe wa Kiingereza. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Flores-Figueroa, mhamiaji aliyetumia namba za utambulisho zisizo zake. Sheria iliweka "knowingly" mbele ya vitenzi vya kuhamisha, kumiliki na kutumia. Je, ilitosha kwamba alijua anatumia namba, au ilipasa ajue pia kwamba namba hizo ni za mtu halisi? Mahakama ilisema ilipasa ajue pia hilo la pili. Kwa maneno mengine, majaji walilazimika kueleza kielezi kimoja kinafika wapi katika sentensi, na kifungo cha ziada cha miaka miwili kilitegemea jibu lao.

Sasa turudi kwa mama wa Busia. Tafsiri yangu ilikuwa na makosa mawili. Kosa la kwanza ni la msamiati: "kwa makusudi" hutaja nia, ilhali sheria ilitaja ujuzi. Mtu anaweza kujua bila kukusudia, na anaweza kukusudia kubeba bila kujua anachokibeba. Kosa la pili ni la nafasi. Nilipoliweka neno mbele ya "anabeba", nililifunga kwenye kitendo cha kubeba. Kila anayebeba gunia hubeba kwa makusudi. Kwa sentensi yangu, kila mchukuzi wa mpakani ambaye mzigo wake una kitu kilichokatazwa alikuwa na hatia.

Tafsiri inayofaa haitumii kielezi hata kidogo. Inatumia kishazi chenye kiambishi cha -ki-, ambacho hudai kijazo chake:

(5) Mtu anayebeba bidhaa zilizopigwa marufuku, hali akijua kwamba zimepigwa marufuku, ametenda kosa.

Baada ya "hali akijua kwamba", mwandishi hawezi kunyamaza. Ni lazima ataje kilichojulikana. Inawezekana kifungu fulani kilikusudia jambo jingine, mfano ajue kilichomo ndani ya gunia hata kama hajui kimekatazwa. Basi iandikwe: "hali akijua kilichomo ndani yake". Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ni tofauti kati ya kurudi nyumbani na kufunguliwa mashtaka, na haifai kuamuliwa na mtafsiri peke yake kwa kubahatisha.

4.3 "Wholly"

Bidhaa zenye asili ya Nchi Wanachama hupita bila kutozwa ushuru wa forodha. Kwa mfanyabiashara mdogo, mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, upo utaratibu uliorahisishwa wenye cheti chake cha uasili. Kanuni za 2015 hutambua, pamoja na vigezo vingine, bidhaa zilizozalishwa "wholly" katika Nchi Mwanachama, na mazao yaliyovunwa humo ni mfano ulio wazi.

Tafsiri inayokuja upesi ni "zilizozalishwa kikamilifu". Hapa kielezi hakikukosewa mahali, kimekosewa kinachoelezwa. "Kikamilifu" hueleza namna ya kitendo: uzalishaji umefika mwisho wake. Msomaji wa kawaida atadhani bidhaa inayokusudiwa ni ile iliyokamilika, kama unga uliokwisha kusagwa na kufungwa. Mwenye mahindi ya punje atajiona hahusiki, ilhali yeye ndiye anayehusika zaidi. Naye mwenye unga uliosagwa kwa nafaka iliyotoka nje ya Jumuiya atajiona amekidhi sharti. Neno la Kiingereza halielezi namna ya kuzalisha, bali kiasi cha bidhaa kilichotokana na nchi. Kiswahili huliweka jambo hilo kwenye nomino: "bidhaa ambazo zote, pamoja na kila kilichomo ndani yake, zimezalishwa katika Nchi Mwanachama". Sentensi imerefuka, lakini muuza mahindi ataielewa kwa kusomewa mara moja.

5.0 Hoja za Upande wa Pili

Hoja ya kwanza ni ya uaminifu. Wanasheria wengi wanataka kila neno la asili lionekane katika tafsiri, ili matini mbili ziweze kukaguliwa sambamba. Haja hiyo ni halali. Hata hivyo, kinachopaswa kukaguliwa ni masharti, si maneno. Orodha ya masharti ya kifungu (nani, afanye nini, akijua nini, kwa kiasi gani) inaweza kuambatanishwa na matini zote mbili, na ukaguzi ukawa imara zaidi kuliko wa kuhesabu vielezi.

Hoja ya pili ni kwamba nafasi ya ndani ina upungufu wake. Hili nalikubali. Kiambishi "hu-" hakionyeshi nafsi wala hakitofautishi mazoea na kanuni ya lazima. "Msafiri huonyesha hati" inaweza kusomwa kama maelezo ya desturi. Panapotakiwa wajibu, iandikwe "ataonyesha hati kila avukapo" au "ni lazima aonyeshe". Sipendekezi kubadili utumwa wa nafasi ya nje kwa utumwa wa nafasi ya ndani.

Hoja ya tatu ni ya matumizi. "Tayari amelipa" imeenea magazetini na redioni, na kizazi kipya hakioni ugeni wowote ndani yake. Lugha hubadilika, na mwanaisimu hana amri ya kuizuia. Lakini kubadilika kwa "tayari" hakugharimu mtu chochote, kwa kuwa maana haikupotoka. Vielezi vya nia, ujuzi na mpaka wa amri ni tofauti. Hapo ndipo juhudi zetu zielekezwe, badala ya kuzimaliza katika kusahihisha mtindo.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kielezi kinachokaa kati ya kiima na kitenzi katika Kiingereza hakina mwenzake mmoja katika Kiswahili. Kazi zake hugawanywa kati ya mofimu, kitenzi kisaidizi, kishazi na neno linalofuata kile linachokibana. Anayekihamisha kwa mahali pake tu hutoa sentensi inayofanana na asili kwa sura na kutofautiana nayo kwa hukumu. Kutokana na uchunguzi huu, ninapendekeza yafuatayo:

(i) Watafsiri wa sheria za Jumuiya wabainishe kwanza, kwa maandishi, kila kielezi cha kubana, cha nia na cha ujuzi kinafika wapi, ndipo watafsiri. Panapokuwa na maana zaidi ya moja, swali lirudishwe kwa waandishi wa sheria badala ya kuamuliwa kimyakimya.

(ii) Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iandae mwongozo wa tafsiri ambamo vielezi vya sheria havipewi visawe vya neno moja, bali vinaonyeshwa katika sentensi nzima, kila kimoja kwa kazi yake.

(iii) Miswada ya Bunge la Afrika Mashariki isomwe kwa Kiswahili kabla ya kupitishwa, kwani utata wa Kiingereza huonekana upesi zaidi pale Kiswahili kinapodai uamuzi.

(iv) Mafunzo ya maafisa na makarani wa vituo vya pamoja vya Busia na Malaba yajumuishe saa chache za mazoezi ya aina ya (4) na (5), yakifanywa kwa fomu wanazozitumia kila siku.

(v) Walimu wa Tororo na wa Busia, pande zote mbili, wafundishe nafasi ya kielezi kwa ulinganishi wa Kiingereza, Kiswahili na lugha ya kwanza ya mwanafunzi, Ateso ikiwemo, badala ya kuifundisha kama kanuni ya Kiingereza pekee.

(vi) Kila kijikaratasi cha umma kisomwe kwa sauti mbele ya wale kinaowahusu kabla ya kuchapishwa. Changu kilisomwa baada ya kuchapishwa, na nakala zake zilikuwa zimeshasambazwa.